MALI YA UDONGO WETU IJENGE CHUO CHETU

Ndugu zetu wa migodi ya Kamituga, Luhwindja, Nyabibwe na Shabunda, na ninyi wakaaji wa Kadutu, Ibanda na Bagira, leo tunataka kusema nanyi juu ya nyumba. Si nyumba ya kulala. Ni nyumba ya elimu ya juu: madarasa, maktaba, maabara na mabweni ya vyuo vikuu vya mji wetu wa Bukavu.

Wapo watakaotucheka. Watasema: "Watu wana njaa, barabara zimekatika, vita vimetuchosha, na gazeti linaandika habari za matofali!" Tunawajibu hivi. Mtu akitaka kujua nchi ni ya nani, asisome sheria peke yake. Aende aangalie majumba makubwa ya nchi hiyo, kisha aulize maneno matatu: Nani alipasua mawe? Nani alilipa? Na nani aliruhusiwa kuingia mlangoni? Tukiuliza hivyo juu ya majumba ya elimu ya Kivu, tutaona historia yetu yote, na tutaona pia kazi iliyobaki.

WALIJENGA, LAKINI HAWAKUTUJENGEA SISI

Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville mpaka miaka ya 1950, waliupanga kwa makusudi. Kule chini, kwenye rasi zinazoingia ziwani, walijenga nyumba zao nzuri zenye bustani. Huku juu, Kadutu, waliwaweka wafanyakazi. Baadaye, ile ofisi yao ya nyumba za Waafrika iliyoanzishwa 1952 ilijenga Bagira, mistari ya nyumba ndogo zinazofanana. Aliyezichimbia misingi nyumba zote hizo, za chini na za juu, alikuwa mtu yule yule mweusi. Jioni alipanda kilima kurudi kwake, na yale aliyoyajenga yakabaki nyuma yake, si yake tena.

Katika elimu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Angalieni Katana. Kabla ya vita kuu ya pili ya dunia, chuo kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilikuwa tayari na hospitali yake pale, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la FOMULAC. Kwa hiyo chuo kikuu cha Ulaya kilikuwa na nyumba katika vilima vya Kivu siku ambazo mtoto wa Kivu hakuwa na chuo kikuu popote katika nchi yake. Hatukatai kwamba wagonjwa wetu walitibiwa pale, na tunashukuru kwa dawa. Lakini dawa ni jambo moja, na kumfundisha mtu awe daktari ni jambo jingine.

Angalieni tena Lwiro, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka hapa. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi kubwa ya uchunguzi wa sayansi kwa Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake wakayaweka Lwiro. Walijenga majumba ambayo mgeni akiyaona hata leo husimama akashangaa: maktaba, maabara, nyumba za wageni, nyumba za wataalamu, na bustani zake. Walipima matetemeko ya ardhi, wakachunguza wanyama na misitu, wakachunguza hata utapiamlo wa watoto wetu. Sisi tulikuwako katika kazi hiyo yote, maana tuliponda kokoto, tukabeba mizigo, tukafagia vyumba. Wengine wetu tulikuwa ndio tunaochunguzwa. Waliokaa mezani na kuandika walikuwa wengine.

Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium, kilifunguliwa 1954 kwenye kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville, leo Kinshasa. Cha pili kilifunguliwa 1956 huko Élisabethville, leo Lubumbashi. Mwaka 1959, pale Lovanium, waliwasha mtambo wa nyuklia, wa kwanza katika Afrika yote. Jambo hilo liliwashangaza watu wa dunia, nasi hatulidharau. Lakini lilipofika tarehe 30 Juni 1960 na bendera ikashuka, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi yenye mamilioni ya watu. Kujenga majumba waliweza, na mitambo waliiwasha, lakini watu waliwachelewesha kusudi.

Na pesa? Ndugu mchimbaji, usidhani kwamba mali ya Kongo haikupata kujenga nyumba za elimu. Ilijenga! Jumba kubwa la makumbusho la Tervuren, nje ya mji wa Brussels, lililofunguliwa 1910, lilijengwa kwa faida aliyoipata mfalme Leopold II katika Kongo, na faida hiyo tunajua ilitoka wapi: katika mpira na meno ya tembo, na katika jasho na damu ya babu zetu. Basi mtu asituambie kwamba udongo wa Kongo hauwezi kujenga jumba la elimu. Kuweza uliweza zamani sana. Neno lililobaki ni moja tu: ujenge wapi, na kwa ajili ya nani?

TULIJITAWALA, LAKINI CHUO KILICHELEWA

Baada ya uhuru, Bukavu ilipata taasisi za elimu ya juu. Katika miaka ya 1960 ikapata ISP, yaani shule kuu ya kufundisha walimu wa sekondari. Walimu wengi waliotufundishia watoto wametoka pale, na hatuwezi kuisahau kazi yao. Baadaye tukapata pia ile ya maendeleo ya vijijini, ISDR. Lakini chuo kikuu chenyewe hakikuja. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikusanya vyuo vyote vya nchi chini ya kofia moja, UNAZA, na kofia hiyo ikavaliwa Kinshasa. Mwaka 1981 ikavuliwa, vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikasimama kila kimoja peke yake. Kijana wa Bukavu aliyetaka udaktari au sheria ilimbidi aondoke kwao.

Wakati huo wote migodi haikulala. Kampuni la MGL lilianza 1923. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yakaunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo ilikufa 1997. Kwa zaidi ya miaka 70 dhahabu na kasiterite ziliondoka Kamituga na kwingineko, kwa magari na kwa ndege. Hata hivyo Bukavu haikuwa na chuo kikuu cha serikali mpaka 1993.

Na hicho cha 1993 kilizaliwaje? Kilizaliwa kama tawi la chuo kikuu cha Kisangani, yaani chini ya mama aliye ng'ambo ya msitu, njia ya zaidi ya kilomita 600, tena mbovu. Tawi halipewi shamba wala sanduku lake la pesa, hungoja lipewe. Mwaka 2004 tawi hilo lilipata kusimama kwa miguu yake, likaitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB. Kabla yake, kanisa Katoliki lilikuwa limeanzisha UCB mwaka 1989, na Waprotestanti UEA mwaka 1991, kule Panzi. Tuseme ukweli bila kuona haya: watu wa makanisa, kwa sadaka na kwa kuomba huku na huku, walianza kabla ya serikali iliyokuwa na migodi mikononi.

Vyuo hivi vilizaliwa katika miaka mibaya kabisa. Pesa ya Zaire ilikuwa imeoza, mshahara wa mwalimu haukutosha hata gunia la unga, na baada ya hapo vita vikaingia. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa katika mji huu huu. Mwaka 1998 vita vya pili vikaanza. Mwaka 2000 Askofu Mkuu Kataliko alifukuzwa kwenye kiti chake, na mwaka huo huo akafariki. Mwezi Juni 2004 askari waasi waliuteka mji na kuupora. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi yenyewe ilitikisika, nyumba na makanisa yakapasuka hapa kwetu na ng'ambo ya Ruzizi. Mwezi Februari 2025 mji uliingiliwa tena kwa silaha. Mtu akitaka kusema kwamba watu wa Bukavu ni wavivu wa kujenga, kwanza aihesabu miaka hiyo, kisha apite Karhale, Bugabo na Panzi, ayaone majengo yaliyosimama katikati ya mambo yote hayo.

NANI AMELIPA?

Majengo hayo yamelipwa na nani? Mawe ya msingi yamechongwa majina ya wakubwa waliokuja kukata utepe, na majina ya wafadhili wa nchi za mbali. Wafadhili tunawashukuru. Lakini kuna mfadhili mmoja mkubwa ambaye jina lake halichongwi popote, naye ni mzazi.

Tangu miaka ya 1990, serikali ilipoacha kulipa walimu wake sawasawa, mzazi wa Kongo ndiye aliyeibeba shule mgongoni. Alilipa minervali, alilipa na nyongeza ya mwalimu. Katika shule za msingi za serikali, tangu 2019 imetangazwa kwamba masomo ni bure. Katika chuo kikuu mzigo haukutuliwa. Mama anayeuza samaki na sambaza Kadutu analipa. Baba anayebeba mifuko bandarini analipa. Mchimbaji anayeshuka shimoni na taa ya kichwani, asijue kama atapanda tena, analipa. Katika kila pesa wanayoitoa kuna kipande kinachokwenda kwenye ukuta, kwenye manjanja ya paa, kwenye kiti cha darasani.

Basi mzazi huyo ana haki ya kuuliza. Tunasema haki, wala si ruhusa ya kuomba. Mwenye kutoa tofali ana haki ya kujua tofali lake limewekwa wapi. Akiuliza, asiambiwe kwamba hayo ni mambo ya wasomi.

Tena tunasema hivi: hata kama kila pesa ya minervali ingetumika kwa haki, haitoshi, wala si halali itoshe. Chuo kinachojengwa kwa minervali peke yake hukua kwa kuongeza wanafunzi, maana kila mwanafunzi mpya ni pesa mpya. Kinaongeza wanafunzi kabla ya madarasa, kisha kinatafuta madarasa kwa pesa za wanafunzi hao. Mwisho wake ni vijana kusimama madirishani wakichungulia somo, na maabara ambayo mwanafunzi anasomewa habari za darubini asiishike kwa mkono wake. Na mtoto wa maskini, ambaye ndiye tuliyemwambia kwamba uhuru ni wake, anabaki nje kwa sababu ya bei ya ukuta.

WENZETU WALIFANYAJE?

Katika mji wetu njia kubwa inaitwa Lumumba. Katika mji wa Dar es Salaam, Tanzania, upo pia mtaa wa Lumumba, na katika mtaa huo lilitendeka jambo linalofaa tulijue.

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa karibu kujitawala. Wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na chuo kikuu nchi haikuwa nacho. Chama kilichopigania uhuru, TANU, kilikuwa kimejenga nyumba mpya ya makao yake pale mtaani. Viongozi hawakusema: "Tungoje miaka kumi mpaka tupate majengo." Walitoa nyumba ya chama iwe nyumba ya chuo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, masomo yalifunguliwa humo, wanafunzi wa sheria wasiozidi 15.

Hilo ndilo jibu letu kwa wale wanaosema kwamba bila majumba makubwa hakuna chuo. Chuo kinaweza kuanza katika nyumba ya kuazima. Lakini msikilize na sehemu ya pili ya habari, maana ndiyo wengi wanaoisahau. Wale wa Dar es Salaam hawakuendelea kuazima. Mwaka 1964, yaani baada ya miaka mitatu tu, walihamia kwenye kilima nje ya mji, mahali panapoitwa Mlimani, kwenye ardhi kubwa iliyowekwa kwa kazi hiyo na hiyo tu. Walijenga kwa mpango: madarasa hapa, maktaba pale, mabweni kule, na nafasi ya vizazi vinavyokuja. Ukumbi wao waliuita Nkrumah, na ukaja kuchapwa picha kwenye noti ya shilingi 500. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Tena hawakuacha kujenga: mwaka 2017 walifungua mabweni 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na mwaka 2018 maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China. Katika baadhi ya mabweni hayo nyufa zilionekana kabla mwaka haujaisha, watu wakahoji kwa sauti, na serikali ikabidi ijieleze. Nalo hilo ni somo kwetu: jengo la umma linapopasuka, umma una haki ya kupiga kelele.

Mtasema Tanzania haikuona vita kama vyetu. Ni kweli. Basi tuje Butembo, kwa ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini, ambao vita wamevijua kama sisi. Huko, Kataliko yule yule, alipokuwa bado askofu wao, alianzisha mwaka 1989 chuo kikuu cha Graben. Aliwaambia watu wake wasingoje Kinshasa. Wakulima, wafanyabiashara, vijana, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, huyu pesa, yule mikono yake. Chuo kikasimama, mbali na kila wizara. Kwa hiyo tunajua kwamba watu wakiaminiana wanaweza. Na kuaminiana kunatoka katika hesabu iliyo wazi: mtu aliyetoa akaona tofali lake ukutani, kesho anatoa tena.

HESABU YA MGODINI

Sasa ndugu mchimbaji, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo jambo linapokugusa wewe. Sheria ya madini ya Kongo, iliyobadilishwa mwezi Machi 2018, inasema kampuni lenye kibali cha kuchimba litoe mrabaha, yaani fungu la thamani ya kile linachouza. Kwa dhahabu fungu hilo ni 3.5 kwa mia. Sheria inasema pia fungu hilo ligawanywe: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa usheferi, sekta au komine ya mahali penyewe, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tupige hesabu pamoja. Kampuni likiuza dhahabu ya dola 1,000,000, mrabaha wake ni dola 35,000. Katika hizo serikali kuu inapata 17,500, jimbo linapata 8,750, mahali pa mgodi panapata 5,250, na mfuko wa vizazi 3,500. Hizo ni kwa milioni moja tu, bila kuhesabu kodi nyingine. Tena kampuni linalazimishwa kuweka kando 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Mgodi wa Twangiza ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011. Kila mmoja wenu aliyepita njia ya Luhwindja na ajiulize: katika vyuo vya jimbo letu, ni darasa gani limeandikwa mlangoni, "Hili limejengwa na dhahabu ya Kivu ya Kusini"?

Tena kuna dhahabu isiyopita kwenye kampuni, ile ya wachimbaji wadogo, ambayo ndiyo mikono yenu wenyewe. Mwaka 2022 iliyoandikwa rasmi kuwa imeuzwa nje ya nchi ilikuwa makumi machache tu ya kilo. Mwaka 2023, uuzaji ulipopewa njia rasmi hapa Bukavu, iliyoandikwa ilipita tani 5. Je, udongo ulizaa dhahabu ghafla katika mwaka mmoja? Hapana. Dhahabu ilikuwako, ila ilivuka mpaka gizani. Na kila gramu inayovuka gizani hujenga nyumba, lakini inazijenga kwa wengine, kama mpira wa babu zetu ulivyojenga Tervuren.

KILIMA CHENYEWE KINATUONYA

Kuna jambo jingine, nalo halina siasa. Bukavu inakaa juu ya mawe ya zamani ya volkano yaliyooza yakawa udongo mwekundu wa kuteleza. Wataalamu wa ardhi wamechunguza miteremko yetu, na wameona mahali ambapo kilima kizima kinashuka polepole, kama kule Funu, katika komine ya Kadutu. Wakaaji wa Funu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Wameona kuta zikipasuka, milango ikikataa kufunga, na barabara ikikunjika.

Katika mji wa namna hii mjenzi asijenge kwa haraka ya kumfurahisha mkubwa anayekuja kukata utepe. Kwanza udongo upimwe. Kisha maji ya mvua yachimbiwe mifereji, maana maji ndiyo yanayosukuma kilima. Miti ipandwe, isikatwe. Ndipo msingi uchimbwe. Na sisi tuna bahati moja: wanaojua udongo huu wako katika vyuo vyetu wenyewe, wamefundishwa hapa hapa. Itakuwa aibu gani, chuo kinachofundisha elimu ya ardhi kijengewe darasa mahali ambapo mwalimu wake wa ardhi hakuulizwa!

Na ardhi ya vyuo ilindwe. Wakaaji wote wa mji wanajua jinsi viwanja vya shule na vya serikali vilivyokatwakatwa katika miaka ya vita na baada yake. Usiku kunapimwa, asubuhi kuna ukuta, keshokutwa kuna ghorofa ya mtu. Pesa zikikosekana mwaka huu zinaweza kupatikana mwaka ujao. Kiwanja kikiuzwa hakirudi. Mjukuu wetu akija na pesa za kujenga maktaba hatakuwa na mahali pa kuiweka.

Tutaje na simenti. Karibu yetu, Katana, kulikuwa na kiwanda cha simenti, nacho kikanyamaza. Tangu hapo mifuko imekuja kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila mfuko umelipiwa mara mbili, bei yake na safari yake. Kila chumba cha darasa tunachojenga hivyo kinaacha sehemu ya pesa yetu katika kiwanda cha jirani. Jirani hana kosa, aliwasha tanuri lake. Kosa ni la waliokuwa na chokaa na kiwanda mikononi wakaviacha vife.

TUNADAI NINI?

Hatukuandika haya ili kulia. Tunasema mambo matano, na tunataka kila msomaji ayashike kichwani, maana atakutana na wakubwa wanaoyajibu kwa maneno matamu.

Kwanza, jimbo litangaze kila mwaka, kwa lugha tunayoisoma sisi, limepokea kiasi gani katika lile fungu la 25 kwa mia, na limetoa kiasi gani kujenga na kutengeneza majengo ya elimu ya juu ya umma. Wasituambie "tunashughulikia". Tunataka tarakimu.

Pili, kila chuo, cha serikali na cha kanisa, kibandike ukutani hesabu ya pesa za ujenzi zilizotoka katika minervali. Wajumbe wa wazazi na wa wanafunzi wakae katika baraza linalochagua fundi na kupokea kazi iliyokwisha.

Tatu, viwanja vyote vya vyuo vipimwe, viwekewe mipaka na hati, na yeyote aliyekata kipande akirudishe, awe na cheo au asiwe nacho.

Nne, msingi wowote usichimbwe kabla ya udongo kupimwa na wataalamu wa vyuo vyetu, na karatasi ya kipimo hicho iwe wazi kwa kila anayetaka kuiona. Na waashi, maseremala na vijana wa mji huu wapewe kazi kwanza, walipwe kwa siku iliyoahidiwa. Tusirudie ya Lwiro, kujenga tusimopata kuingia.

Tano, na hili ni letu sisi wenyewe. Ndugu wachimbaji, dai mizani ya haki na dai karatasi ya kile ulichouza. Dhahabu isiyoandikwa haina mdomo, haiwezi kumdai mtu darasa. Ndugu wakaaji wa mji, acheni tabia ya kusema "chuo ni cha wasomi". Chuo ni cha yule aliyelipa, na mmelipa ninyi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai hata kikijazwa na dhahabu. Tulianza na vyumba vichache na matawi ya watu wengine, katikati ya bunduki na matetemeko, na bado vyuo vimesimama. Sasa imebaki kuyaziba matundu na kuendelea kupandisha ukuta. Wakati ujao mkubwa atakapokuja kuweka jiwe la msingi, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni hesabu. Akiitoa, mpigieni makofi, kisha mshike koleo pamoja naye.

Elimu ni yetu, udongo ni wetu, na jengo liwe letu!